Tafiti zilizotoka kapa: zinakaa wapi kwenye meta-analisisi ya picha za ubongo?

Tuseme unafanya meta-analisisi, yaani unaunganisha matokeo ya tafiti nyingi, na umekusanya tafiti 27 za fMRI (picha za ubongo ukiwa kazini) kuhusu swali moja. Kati yake, 21 zina jedwali la koodineti (namba tatu zinazoonyesha kilele cha mwitikio kiko wapi kwenye ubongo). Sita zilizobaki zilichunguza ubongo mzima vizuri tu, kisha zikaandika sentensi moja: hakuna vokseli (kijichemraba kimoja cha picha) iliyovuka kizingiti cha kitakwimu. Zimetoka kapa. Mara nyingi hizo sita huishia kwenye kijisanduku cha mchoro wa PRISMA, unaoonyesha tafiti zipi zilichukuliwa na zipi ziliachwa: "zimeondolewa, hazina koodineti".

Kuziondoa hivyo kuna mahali hakubadilishi hesabu hata kidogo, na kuna mahali kunapindua jibu. Inategemea programu unayotumia inauliza swali gani. Kwa hiyo uamuzi huu haufai kuachwa hadi siku ya kuchora mchoro. Unafanywa kwenye itifaki, kabla hujafungua makala ya kwanza.

Kapa ya aina gani?

Sentensi "hatukupata tofauti" inaficha mambo kadhaa yasiyofanana. Kapa halisi ni moja tu: ubongo mzima ulichunguzwa kwa kizingiti kimoja kila mahali, ulinganisho unaoutaka ulifanywa kweli, na hakuna kilichobaki. Hiyo inahesabiwa.

Utafiti ulioangalia amigdala (sehemu moja ndogo ya ubongo) peke yake ukakosa kitu si kapa ya ubongo mzima. Kuhusu sehemu nyingine zote uko kimya, na hata hapo kwenye amigdala kizingiti chake ni chepesi kuliko cha wenzake. Watu huteleza hapa: wanatoa tafiti za eneo teule zenye matokeo, kama kanuni inavyotaka, kisha zile za eneo teule zilizotoka kapa wanaziingiza ili waonekane wametenda haki. Kipimo ni swali moja: utafiti huu ungepata kitu, ungeingia? Kama usingeingia, hauingii pia kwa kukosa.

Halafu kuna mwelekeo. Katika SPM, programu ya kuchambua picha za ubongo, jaribio la t ni la upande mmoja. Waandishi wakijaribu "wagonjwa kuzidi wazima" tu na wakakosa, upande wa pili haujulikani, si kwamba ni tupu. Ukiuandika kama kapa umeutungia nusu ya matokeo.

Makala yenye matokeo lakini isiyotoa koodineti (picha ya rangi tu na maneno "gamba la mbele liliwaka") nayo si kapa. Hiyo ni data iliyokosekana, na kuiweka pamoja na zilizokosa kitu ni kosa baya kuliko kuitupa, kwa sababu sasa umeandika "hakuna" pale penye "kipo".

Aina inayosumbua zaidi ni ulinganisho uliofichwa. Makala ina majedwali matatu mazuri, na katikati ya aya ya matokeo kuna sentensi kwamba ulinganisho wa nne haukutoa kitu. Muhtasari hautaji. Hifadhidata ya BrainMap imejengwa kwa majaribio yenye koodineti, na Neurosynth, hifadhidata nyingine, huvuna koodineti zilizochapishwa kwenye majedwali, hivyo ulinganisho huo wa nne hauonekani popote isipokuwa kwa jicho la anayesoma. Ukiwa na PDF zote, tafuta ndani yake misemo ambayo waandishi wa Kiingereza huitumia: "no suprathreshold", "did not survive", "no significant clusters", "failed to reach". Inachukua alasiri moja na huongeza orodha kuliko kurudia kupekua PubMed.

Ni ngapi hazionekani kabisa? Samartsidis na wenzake, mwaka 2020, waliangalia jinsi idadi ya koodineti kwa jaribio inavyotawanyika kwenye BrainMap, wakakadiria kwamba kwa kila majaribio 100 yaliyomo kuna karibu 6 yaliyotoka kapa ambayo hayamo. Si wingi wa kutisha. Lakini hiyo ni kapa ya ubongo mzima. Kapa ya vokseli moja ni jambo jingine, na ndiyo inayoharibu hesabu.

Kapa si sifuri

Chukua utafiti wenye wagonjwa 20 na wazima 20, kizingiti p<0.001 upande mmoja. Digrii huru ni 38, kwa hiyo t inayotakiwa ni 3.319. Kuigeuza kuwa ukubwa wa athari (d, tofauti ya makundi kwa kipimo cha mtawanyiko wao), zidisha kwa kipeuo cha pili cha (1/20 + 1/20), yaani 0.316. Unapata d = 1.05. Sentensi "hatukupata kitu" ya utafiti huo kwa kila vokseli inasema hivi, wala haizidi hapo: d ilikuwa chini ya 1.05. Inaweza kuwa 0, inaweza kuwa 0.9.

Sasa tuseme ukweli kwenye vokseli fulani ni d = 0.5, athari ya kuheshimika kabisa kwenye magonjwa ya akili. Utafiti wa 20 kwa 20 una nafasi ya karibu 5 kwa 100 ya kuivuka 3.319. Fanya tafiti 20 za namna hiyo: mmoja utafaulu, 19 zitatoka kapa mahali hapo. Huo mmoja uliofaulu lazima uwe na d inayozidi 1.05, la sivyo usingefaulu, tuseme 1.1.

Ukichukua uliofaulu tu, jibu lako ni 1.1, zaidi ya mara mbili ya ukweli. Ukiwapa wale 19 sifuri na kupiga wastani, unapata 0.055, karibu sehemu ya kumi ya ukweli. Njia zote mbili zimetumika kwenye fasihi hii, na zote zinakosea kwa kiasi ambacho hakuna marekebisho ya baadaye yanayoweza kukifuta.

Ukubwa wa sampuli hubadilisha uzito wa kapa. Kwa 60 na 60, t inayotakiwa ni takriban 3.16 na mpaka unashuka hadi d = 0.58. Kapa ya utafiti huu inasema jambo la maana. Kizingiti nacho kinafanya kazi, ila kwa upande ambao wengi hawautarajii: kapa iliyopatikana kwa kizingiti legevu ina habari nyingi kuliko ya kizingiti kikali. Kwa 20 na 20, Z>2.3 ya wanaotumia FSL (programu nyingine ya uchambuzi) ni t ya takriban 2.40, yaani mpaka wa 0.76. Kwa marekebisho ya FWE kwenye vokseli (kizingiti kikali cha kuzuia matokeo ya uongo yanayotokana na kupima vokseli nyingi), t ikiwa 5, mpaka ni 1.58, na hapo "hatukupata kitu" haisemi karibu chochote.

ALE haizioni

ALE, njia ya meta-analisisi ya koodineti ambayo wengi huitumia kupitia programu ya GingerALE, huchukua kila koodineti na kuizungushia wingu la uwezekano, pana kwa sampuli ndogo na jembamba kwa sampuli kubwa. Kila jaribio linapata ramani yake. Kisha kwa kila vokseli inahesabiwa 1 toa zao la (1 − thamani ya kila ramani). Jaribio lisilo na koodineti lina ramani ya sifuri tupu. 1 − 0 ni 1, na kuzidisha kwa 1 hakubadilishi kitu. Mgawanyo wa kulinganishia nao unatengenezwa kwa kutawanya koodineti ovyo ndani ya ubongo. Jaribio lisilo nazo halina cha kutawanya. Ongeza kapa 6, ongeza 600: ramani ya mwisho ni ileile hadi desimali ya mwisho.

Hilo halina maana kwamba ALE ni mbovu. Inauliza: kati ya majaribio yaliyopata kitu, je, vilele vinakutana mahali pamoja kuliko bahati nasibu? Haiulizi kama athari ipo wala ina ukubwa gani. Anayeandika "ALE inaonyesha kwamba wagonjwa wana mwitikio mkubwa zaidi kwenye insula" ameipa programu jibu ambalo haikuulizwa.

Ukitumia ALE, basi, mambo ya kufanya ni haya. Usiandike kapa kwenye faili la koodineti. Kuna wanaoweka 0 0 0 kama alama ya "hakuna". Programu haijui alama. Inaona kilele karibu kabisa na komishara ya mbele, na kapa tano za namna hiyo zinatosha kutengeneza kishada (kundi la vokseli jirani) katikati ya ubongo ambacho hakuna mtu aliyewahi kukipata. Kichwa cha jaribio kisicho na koodineti chini yake nacho usikiweke. Kapa zikae kwenye jedwali lako la pembeni pamoja na sampuli, kizingiti na ulinganisho.

Pili, usizihesabu kwenye kiwango cha chini. Uigaji wa Eickhoff na wenzake wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba inahitajika angalau majaribio 17 hadi 20 ili kishada kisitegemee jaribio moja au mawili. Ukiwa na 14 yenye koodineti na 6 kapa, huna 20. Una 14.

Tatu, toa asilimia yenye mgao wa kweli. Kishada kikichangiwa na majaribio 7 kati ya 21 yenye koodineti, ni theluthi moja. Ukiweka na zile kapa 6, ni 7 kati ya 27, karibu 26 kwa 100. Namba hii ya pili ndiyo inayomwambia msomaji kitu, na haihitaji programu.

MKDA, njia nyingine ya koodineti, huonekana kuwa tofauti, kwa sababu inapima sehemu ya tafiti zilizowaka karibu na vokseli, na kapa zinaweza kuingia kwenye idadi inayogawanya. Ni kweli kwa asilimia inayochapishwa. Lakini kwa thamani ya p, kapa zinashusha ramani halisi na ramani za bahati nasibu kwa kiasi kilekile, hivyo umuhimu wa kitakwimu haubadiliki. Wanaoihamia kwa ajili ya kapa wanabadilisha kibao cha duka tu.

Kuna pia hesabu ya idadi salama, ambayo Acar na wenzake waliitengenezea ALE mwaka 2018. Unaongeza tafiti za kelele hatua kwa hatua hadi kishada kitoweke, na unaripoti ilihitajika ngapi. Tafiti hizo za kelele haziwi tupu (tumeona tupu hazifanyi kitu). Zinapewa koodineti za ovyo, idadi na sampuli zikifanana na za seti yako. Kishada kinachotoweka baada ya kuongezwa tafiti 2 kwenye 21 hakifai kujengewa hoja. Idadi ikiwa kubwa mno nayo inatia shaka: huenda utafiti mmoja wenye sampuli kubwa ndio unaokishikilia peke yake, kwa hiyo angalia mchango wa kila mmoja kabla ya kushangilia.

Mfano wa kukumbuka ni sonona. Mwaka 2017 Müller na wenzake walichapisha kwenye JAMA Psychiatry majaribio 99 kutoka tafiti 57 za kazi za hisia na za utambuzi, wakapitisha kwenye ALE kwa vizingiti vinavyopendekezwa leo. Hakukuwa na mkutano wowote wa maana. Hiyo ni kapa ya meta-analisisi yenyewe, na inasomwa kwa tahadhari ileile: haithibitishi kwamba ubongo wenye sonona haukutofautiana. Inasema vilele vilivyoripotiwa havikukutana.

SDM inaweza kuzitumia, ukiilisha vizuri

SDM, programu ya meta-analisisi ya Radua na wenzake, hufanya kazi kwa ukubwa wa athari. Toleo la 2012 lilitengeneza ramani kutoka kwenye vilele na kuacha sehemu za mbali na vilele kwenye sifuri; kapa ilikuwa ramani ya sifuri yenye uzito wa sampuli yake, na wastani ulivutwa chini kama ule mfano wa 0.055. SDM-PSI ya mwaka 2019 ilibadilisha jambo hilo kutoka mzizini. Kwa kila vokseli ya kila utafiti inahesabu mpaka wa chini na wa juu wa athari. Kwa kapa, mipaka ni ile tuliyoipata: kati ya −1.05 na +1.05. Kisha inakadiria wastani na mtawanyiko unaopatana zaidi na mipaka yote, inajaza thamani za kukisia ndani ya mipaka mara 50, ikitunza ufanano wa vokseli jirani, na kuunganisha majibu ili kutokuwa na uhakika kuonekane kwenye hitilafu ya mwisho. Umuhimu unapimwa kwa mipangilio upya, kawaida 1000.

Kwenye folda ya mradi kila utafiti una faili lake la koodineti. Kwa kapa unaweka faili tupu lenye no_peaks kwenye jina lake, na kwenye jedwali la tafiti unajaza n1, n2 (idadi ya washiriki wa kila kundi) na t_thr (kizingiti cha t) kama kwa mwingine yeyote. Safu ya t_thr ndiyo roho ya jambo zima, kwa sababu kwa kapa hakuna habari nyingine: mpaka wote unatoka hapo.

Kuipata kwenye R ni qt(0.001, 38, lower.tail = FALSE); kwenye Excel ni =T.INV(0.999,38). Kama makala imetoa Z, igeuze kwanza kuwa p kisha p kuwa t. Z ya 3.1 kwa digrii huru 38 ni t ya takriban 3.33, na tofauti inakua sampuli ikipungua. Hakikisha kama p ilikuwa ya upande mmoja au pande mbili. Punguza digrii huru kwa kila kigezo cha ziada kilichowekwa kwenye modeli (umri, jinsia, ujazo wa kichwa). Kwa utafiti wa kundi moja fomula ya mpaka ni d = t gawanya kwa kipeuo cha pili cha n: washiriki 20 na t 3.579 ni 0.80.

Marekebisho ya vishada yanaleta kona. Utafiti ulioweka p<0.001 kwenye vokseli kisha ukataka kishada kiwe kikubwa vya kutosha unaweza kuwa na vokseli zilizovuka 3.319 ambazo zilifutwa kwa sababu kishada kilikuwa kidogo. Ukiandika 3.319 unaufanya mpaka kuwa mwembamba kidogo kuliko ukweli. Bado ndiyo namba inayoeleweka zaidi kuandika, ila taja kwenye mbinu ni tafiti zipi, na ujaribu kuendesha tena bila hizo.

Utafiti uliokosa kitu kwa FWE lakini ukatoa orodha ya "mielekeo" kwa p<0.005 unakubalika kwa 0.005 endapo orodha ni ya ubongo mzima; hapo si kapa tena na t_thr inashuka. Kama waandishi walichagua maeneo yanayowafurahisha, orodha inatupwa na utafiti unabaki kapa kwa kizingiti kikali. Kuchanganya, yaani vilele vya kizingiti legevu na t_thr ya kizingiti kikali, huleta vilele vilivyo chini ya mpaka wake mwenyewe. Angalia hilo kwa jicho kabla ya kuendesha: hakuna kilele kinachopaswa kuwa na t ndogo kuliko t_thr ya safu yake.

Usiitegemee PSI kupita uwezo wake, hata hivyo. Mipaka ya kapa ina ulinganifu kuzunguka sifuri, kwa hiyo pale ambapo tafiti zote zimetoka kapa makadirio yataangukia karibu na sifuri kwa sababu hakuna kinachoyasukuma kwingine. Na ukiwa na tafiti 3 zenye vilele na 15 kapa, matokeo yanasimama juu ya dhana ya mgawanyo wa kawaida kuliko juu ya data.

Ombeni ramani

Dawa bora kuliko hesabu zote hizo ni ramani ya t isiyokatwa kizingiti, faili moja la NIfTI. Kapa yenye ramani haina tena mpaka wa ±1.05, ina thamani halisi kwa kila vokseli. SDM inachanganya ramani na koodineti kwenye mradi mmoja. Kazi ya NARPS ya mwaka 2020, timu 70 zikichambua data ileile, ilionyesha sababu: timu zilitofautiana sana kusema "kipo" au "hakipo", huku ramani zao kabla ya kukatwa zikifanana vizuri kwa dhana nyingi.

Anza na NeuroVault, hifadhi ya mtandaoni ya ramani za namna hii, huenda ipo tayari. Vinginevyo mwandikie mwandishi wa mawasiliano barua ya mistari mitano: ulinganisho gani hasa, kwamba unataka ramani ya t na si ya beta, idadi ya washiriki waliobaki kwenye uchambuzi huo, na upande gani ni chanya. Omba na jibu la akiba: kama ramani haipo, je, pande zote mbili zilijaribiwa na kizingiti kilikuwa kipi? Wengi wasio na faili hujibu hilo, na linatosha kuihamisha makala kutoka "haijulikani" kwenda "kapa halisi". Ramani ikifika ifungue kwanza uangalie kushoto na kulia havijageuzwa.

Kwenye ripoti

Mchoro wa PRISMA uwe na visanduku viwili tofauti: kapa ya ubongo mzima, na koodineti hazikupatikana. Jedwali la tafiti liorodheshe kapa sambamba na nyingine, pamoja na n, kizingiti na mpaka wa d ulioukokotoa. Safu hiyo ya mwisho humwonyesha mhakiki kwa mtazamo mmoja ni kapa zipi zina uzito. Kwa SDM endesha mara mbili, pamoja na kapa na bila kapa, na uchapishe zote mbili. Kishada kinachokufa kapa zikiingia kitajwe kwa jina na koodineti, hata kama ndicho kilichokuwa kichwa cha habari cha rasimu ya kwanza. Kwa ALE andika sentensi hii au inayofanana nayo kwenye mbinu: "Majaribio 6 ya ubongo mzima hayakuwa na vilele, kwa muundo wa ALE hayachangii ramani, na yamejumuishwa kwenye asilimia za vishada tu."